Shiti ya Zamani ya Nyanda za Sabaki, 1:50,000: Yafaa kwa Maji, Haifai kwa Mipaka

Kwa anayenunua, anayelima au anayepima ardhi kati ya Malindi mjini, Ganda, Kakuyuni na Jilore, na ng'ambo ya mto hadi Mambrui na Marafa, hakuna karatasi yenye faida kuliko shiti za ramani za 1:50,000 zilizochorwa miaka ya 1950 na 1960. Na hakuna inayotumiwa vibaya kuliko hizo. Watu huzibeba hadi kwenye kesi za mipaka, kazi ambayo hazikutengenezewa. Wakitaka kuchimba kisima au kujenga bondeni, kazi ambayo zingewafaa kwelikweli, hawazifungui kabisa. Tathmini hii inahusu shiti zenyewe pamoja na nakala zake zinazozunguka mjini, za karatasi na za simu.

Mfululizo wenyewe unajulikana kwa namba Y731. Kila shiti inabeba dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, yaani karibu kilomita 27.7 kila upande, na juu ya karatasi hizo ni sentimita 55 na ushei. Kazi kubwa ya kuchora ilifanywa Uingereza na Directorate of Overseas Surveys, ofisi iliyoanzishwa 1946 kwa jina la Directorate of Colonial Surveys na kubadilishwa jina 1957, ikishirikiana na Survey of Kenya. Ramani zilitolewa kwenye picha za ndege, kisha wapimaji wakaja ardhini kukagua na kuulizia majina. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu linaeleza uzuri wake na udhaifu wake. Kilichoonekana kutoka juu kimechorwa vizuri. Kilichofichwa na miti, au kilichohitaji kuulizwa mwenye shamba, kina mashaka.

Kabla ya kutazama chochote katikati, soma pembezoni. Hapo pana tarehe tatu na wengi huzichanganya: mwaka wa picha za ndege, mwaka wa toleo, na mwaka wa kuchapishwa upya. Shiti iliyochapishwa miaka ya 1970 yaweza kuwa inaonyesha ardhi ilivyokuwa miaka mingi kabla, kwa kuwa kilichorekebishwa ni barabara mbili tatu tu. Tarehe inayokuhusu ni ile ya picha. Ikiwa pembezoni pamekatwa, na nakala nyingi zinazouzwa zimekatwa hapo hapo, jaribu kuikadiria kwa yaliyomo. Pale Ngomeni, tafuta jukwaa la San Marco la Waitalia, ambalo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa 1967. Tazama pia pwani ya Gongoni hadi Marereni: ukikuta mikoko na tope tupu mahali ambapo leo pana madimbwi ya chumvi, uko kwenye toleo la zamani. Kwa upande wa Lamu bara kipimo kinafanana. Shiti ya Mpeketoni isiyokuwa na mashamba ya mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta ni ya kabla ya miaka ya 1970.

Angalia pia kipimo cha urefu wa ardhi. Matoleo ya mwanzo hutaja futi, ya baadaye mita. Nafasi ya futi 50 kati ya mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye urefu mmoja) ni sawa na mita 15.24, na aliyesoma 150 akidhani ni mita atapanga mfereji au bomba kwa hesabu ya mlima usiokuwepo. Kosa hili linatokea sana kwenye nakala zilizokatwa, kwa kuwa neno la futi au mita limeandikwa mara moja tu, pale chini, karibu na kipimo cha ramani.

Sasa tuje kwenye rangi ya buluu, maana hapo ndipo shiti hii inapolipa bei yake.

Sabaki ni mwisho wa mto mrefu. Athi unashuka kutoka bara, unakuwa Galana, kisha Sabaki, na unaleta matope ya nchi yote uliyopitia. Ukifika kwenye tambarare chini ya Baricho unapoteza kasi, unamwaga tope, unajiziba wenyewe na kutafuta njia nyingine. Njia ya zamani inabaki kama mkono uliokatwa: mwaka mmoja ni shamba, mwaka mwingine ni ziwa. Ziwa la Jilore na vidimbwi vya kandokando ya mto ni vya aina hiyo. Gharika ya 1961 na ile ya El Niño ya 1997 zilipita kwenye mabonde hayo hayo, kwa sababu maji yakizidi hurudi kwenye njia yaliyoizoea.

Shiti ya zamani inaonyesha mto ulipokuwa siku ndege ilipopita, pamoja na mikono iliyokwisha kutengwa wakati huo. Mstari wa buluu usiokatika ni maji ya mwaka mzima, na uliokatika ni mkondo wa msimu. Alama za vichaka vya nyasi zenye vistari vya buluu ni kinamasi, na ukiona vistari hivyo vimekatika basi ni kinamasi cha msimu. Fuata mstari uliokatika hadi unapopotea katikati ya eneo jeupe. Mchoraji aliacha pale kwa kuwa mkondo haukuonekana tena kwenye picha, maji yakiwa yametawanyika juu ya ardhi bila mfereji. Mahali hapo ndipo nyumba huingiwa na maji masika ikiwa kali, na ndipo dalali atakapokwambia, "Bwana, hapa hapajaingia maji tangu enzi za babu." Asemalo laweza kuwa kweli kwa miaka kumi iliyopita, lakini waulize pia wazee wa mtaa uone kama maneno yao yanalingana na mstari.

Namna ya kulitumia hili ni kuilaza ramani juu ya picha ya setilaiti ya leo, ukiipunguza rangi hadi nusu, halafu ukatazama mahali ambapo buluu ya zamani imeangukia mashamba ya sasa. Ila usikimbilie kusema mto umehama. Mstari wa nusu milimita kwenye karatasi ni mita 25 ardhini. Ongeza kosa la mchoraji, kisha ongeza kosa la kuilaza ramani yenyewe kwenye kompyuta. Tofauti iliyo chini ya mita 70 haithibitishi kitu. Ikifika mita 150 au 200, hapo pana jambo, na ukienda ardhini utakuta ushahidi wake: udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, wakati majirani pande zote mbili wana mchanga mwekundu. Shamba la hivyo ni zuri kwa mpunga na mboga. Mikorosho usiipande, haivumilii maji yaliyotuama. Na nyumba ya tofali isiyokuwa na msingi wa kutosha itapasuka kona.

Ufuo nao umebadilika. Kati ya Malindi mjini na mdomo wa Sabaki, tope la mto limeusukuma ufuo kuelekea baharini tangu shiti hizi zichorwe, kwa hivyo mstari wa pwani wa zamani uko ndani ya nchi kavu ya leo. Ploti "za mstari wa kwanza" upande huo zimekaa juu ya ardhi ambayo kwenye ramani ni bahari. Mchanga wa umri huo haujatulia, na maji yake ya chini yana chumvi.

Visima vya zamani vimewekewa alama, na ni habari yenye thamani. Penye alama ya kisima, mtu alifikia maji kwa mikono. Lakini ramani haisemi kama maji hayo ni matamu au ya magadi. Pita na chupa, chota kwenye kisima cha jirani, upeleke kupimwa chumvi kabla hujalipa gari la kuchimbia.

Kwa kontua, shiti hizi hazifai sana kwenye tambarare. Mita 20 kwenye matoleo ya mita, au futi 50 kwenye yale ya futi, kati ya mstari na mstari zinatosha kwa Marafa na vilima vya Magarini, ambako mistari inasongamana na makorongo yanaonekana wazi. Kwenye bonde la Sabaki mstari mmoja na wa pili waweza kuachana sentimita 4, maana yake kilomita 2, na kati yao hujui kitu. Mafuriko ni habari ya mita moja au moja na nusu. Usijaribu kukisia urefu wa shamba kwa kugawanya nafasi kati ya kontua mbili. Tumia namba za urefu zilizoandikwa peke yake kando ya nukta, zinaaminika zaidi. Data za bure za SRTM, yaani urefu wa ardhi uliopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, zitakusaidia kuona umbo la jumla, ila rada ile haikufika chini vizuri penye miti minene: shamba la minazi au la miembe huonekana limeinuka kuliko lilivyo.

Mipaka sasa. Fanya hesabu ndogo. Kwa kipimo hiki sentimita 2 ni kilomita 1, na milimita 1 ni mita 50. Kila mraba wa gridi, wa kilomita 1 kila upande, una hekta 100, sawa na ekari 247. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 63.6, ambao ramani inauonyesha kwa milimita 1.3. Ekari tano ni milimita 2.8. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni milimita 0.3 kwa 0.6, nyembamba kuliko mstari wa kalamu ya biro. Mtu anayekuonyesha mpaka wa ploti kwa kidole juu ya shiti hii, kidole chake peke yake kimefunika zaidi ya ekari mia moja. Mipaka itafutwe kwenye ramani ya usajili ya eneo, kwenye fomu za kugawa ardhi na kwenye bikoni (alama za mpaka ardhini) zenyewe. Ramani ya sura ya nchi inaweza kusaidia kueleza kwamba mto au njia fulani ilikuwepo wakati fulani, basi.

Kosa linalogharimu wengi fedha, hata wenye ujuzi, ni la datamu, yaani msingi ambao namba za mahali huhesabiwa kutokea. Koordineti (namba za mahali) za shiti nyingi za mfululizo huu zimejengwa juu ya Arc 1960 na umbo la dunia la Clarke 1880, gridi ikiwa ya UTM, mfumo wa dunia wa kupima mahali kwa mita, kanda 37 Kusini. Simu na GPS hutumia datamu nyingine, WGS84. Mifumo yote miwili huandika namba zinazofanana kwa sura, kwa hivyo hakuna kitakachokuonya. Kwa eneo la Malindi, ukisoma namba kwenye ramani ukaziingiza kwenye simu jinsi zilivyo, utapelekwa takriban mita 300 kaskazini na karibu mita 100 magharibi mwa pahali penyewe. Mita 300 zinatosha kukutoa ukingo mmoja wa Sabaki hadi ukingo wa pili. Ukiona kila kitu kwenye ramani kimehama upande uleule kwa kiasi kilekile, usiwalaumu wachoraji, hiyo ni datamu.

Tiba ni rahisi. Kwenye GPS ya mkononi nenda kwenye mipangilio ya vizio, badilisha datamu iwe Arc 1960, kisha irudishe ukimaliza. Kwenye programu ya QGIS, tumia msimbo EPSG:21037 kwa ramani na EPSG:32737 kwa kazi ya WGS84. Programu ikikuuliza njia ya kubadilisha, chagua ile ya Kenya. Ile ya wastani wa Kenya na Tanzania inatofautiana nayo kwa mita chache, ambazo kwa kipimo hiki hazionekani. Lakini soma pembezoni kwanza. Matoleo ya awali yameandikwa "New (1950) Arc", na yapo ya zamani zaidi yaliyo na gridi ya vita ya Afrika Mashariki ambayo si UTM. Ukiikuta hiyo, achana na namba za gridi, tumia latitudo na longitudo zilizoandikwa kwenye pembe nne za shiti. Kujihakikishia haraka: mji wa Malindi uko karibu na kilomita 624 mashariki na 9,644 kaskazini. Kama namba za shiti yako haziko jirani na hizo, gridi si ile unayoidhani.

Katika kuilaza kwenye kompyuta, usibonyeze pembe nne tu ukaridhika. Weka nukta 12 hadi 16 kwenye makutano ya mistari ya gridi, zitawanye hadi katikati, kisha tumia polinomia ya daraja la kwanza, hesabu inayosogeza na kuvuta ramani nzima bila kuikunja. Kosa la wastani likizidi mita 20, tafuta nukta iliyokosewa. Mara nyingi ni namba mbili zilizogeuzwa, au umebonyeza mstari wa jirani. Ukivutika kupanda daraja la pili au la tatu ili kosa lipungue, ujue unaikunja ramani ifuate makosa yako. Daraja la pili litumike pale karatasi yenyewe iliponyooka vibaya tu.

Na karatasi hunyooka vibaya. Hewa ya pwani hii ina unyevu, karatasi inavimba na kukauka, wala haivimbi sawasawa pande zote mbili. Mashine ya nakala nayo huvuta upande ule karatasi inakoingilia. Kabla ya kulipia nakala yoyote, toa rula ya chuma, pima miraba 20 kwa mlalo kisha 20 kwa wima. Kila upande unatakiwa uwe sentimita 40 kamili. Ukipata 39.6, nakala imepungua asilimia 1, na kwenye umbali wa kilomita 20 umepoteza mita 200. Pande zote mbili zikipungua sawa, inavumilika, unarekebisha kwa hesabu. Mmoja ukiwa 40 na mwingine 39.5, irudishe.

Kuhusu nakala zenyewe: chapa halisi ya mashine ya ofseti ni bora mno. Mistari ya kahawia ni myembamba, buluu imesimama peke yake, na majina madogo yanasomeka. Nakala ya rangi ya plota, mashine ya kuchapia ramani kubwa, inafuata, ikiwa imetolewa kwenye skani ya kuanzia dpi 400 (nukta 400 kwa inchi), ambapo kila nukta ni kama mita 3 ardhini. Shiti pamoja na pembezoni zake hudai karatasi ya A1, na skani ya A1 ya dpi 400 kwa rangi ni zaidi ya megabaiti 350 ikiwa haijabanwa. Ukiuziwa faili la megabaiti mbili, ujue tayari limechujwa. Likitumwa kwa WhatsApp kama picha linabanwa tena. Mwambie mtumaji alitume kama dokumenti. Nakala nyeusi na nyeupe kwa ukanda huu ni hasara tupu. Mkondo wa msimu, njia ya miguu na kontua vyote vinakuwa mistari myembamba ya kijivu, na kile ulichokuwa unakilipia kimetoweka. Skani za vipande vya A3 vilivyounganishwa nazo zikatae, kwani kwenye maungio mistari ya gridi huvunjika, na hakuna programu itakayoirudisha.

Barabara na nyumba zimepitwa na wakati, hakuna la kueleza zaidi. Vidoto vyeusi vya vibanda vinakuonyesha watu walikokaa wakati huo, na kwa kawaida walikaa penye mwinuko, jambo la kuzingatia. Njia za miguu za zamani zinazoelekea mtoni zimebaki nyingi, na nyingine leo zimekuwa barabara. Majina yameandikwa kwa masikio ya wageni, kama Fundi Isa kwa Fundisa, kwa hivyo ukitafuta kijiji usitafute herufi kwa herufi. Mwelekeo wa sumaku ulioandikwa pembezoni ni wa mwaka ule wa uchapishaji. Usiuweke kwenye dira leo, chukua wa sasa.

Jambo moja linalosahaulika ni misalaba midogo yenye namba, iliyotawanyika kwenye baadhi ya shiti. Hizo ni nukta za katikati za picha za ndege zilizotumika, na namba ni za filamu na picha. Mwenye kesi nzito ya mto au ya kinamasi anaweza kuzitumia namba hizo kuomba picha yenyewe, ambayo inaonyesha zaidi ya ramani: miti mmoja mmoja, mashamba, hata rangi ya udongo wenye maji. Kwa kazi za namna hiyo, hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kununua shiti yenye pembezoni kamili na yenye rangi zake.

Ukishaipata chapa halisi, usiikunje, kwa kuwa wino unapasuka kwenye mkunjo na mkunjo huwa unapita juu ya kitu unachokihitaji. Isiwekwe selotepu, inageuka manjano na kuvuta wino. Usiifunike kwa plastiki ya moto. Iviringishe uso ukiwa nje, uitie kwenye paipu ya PVC ya inchi 4 yenye vifuniko pande zote mbili, na pakiti mbili za silika ndani, za kukaushwa kila masika. Paipu isilazwe sakafuni, mchwa wa Malindi hawachagui karatasi. Kazi za shambani zifanyike kwa nakala.